Tanuri la mbao Mafinga: tulipime kwa wastani wa gharama ya mtaji au kwa gharama ya fedha mpya?

Mhasibu, Mafinga
Ndugu zangu, natunza hesabu za kampuni ya familia inayopasua mbao. Mtaji wetu ni shilingi milioni 600 za wanahisa, wanaotarajia asilimia 22, na milioni 400 za mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 16. Kwa kuwa riba hupunguza faida inayotozwa kodi ya asilimia 30, mkopo unatugharimu asilimia 11.2, na wastani wa gharama ya mtaji wote, kwa uzito wa kila fungu, ni asilimia 17.68. Tanuri la kukaushia mbao litagharimu milioni 240 na linatarajiwa kurudisha asilimia 18 kwa mwaka. Faida tuliyobakiza ni milioni 90, ambayo mwenyekiti wetu anasema haina gharama. Je, tujenge?

Mwalimu wa biashara, Iringa
Mheshimu mwenyekiti, lakini hapo msimfuate. Faida ambayo haikugawiwa ni mali ya wanahisa, ambao wangeweza kuichukua na kuiwekeza kwingine, hata katika hatifungani za serikali. Kwa hiyo nayo inadai asilimia 22 ileile. Hesabu yako ya wastani ni sahihi, mradi kampuni ina faida ya kutozwa kodi, kwani mwaka wa hasara nafuu hiyo ya riba haionekani papo hapo.

Mkaguzi, Mbeya
Wastani huo unaeleza fedha mlizokwisha kuzipata, ilhali tanuri litajengwa kwa fedha mpya. Mkishika uwiano wa 60 za wanahisa kwa 40 za mkopo, milioni 90 zinabeba mtaji wa milioni 150 tu, yaani 90 ukigawanya kwa 0.6. Zaidi ya hapo mtauza hisa mpya. Je, zitagharimu kiasi gani, na benki itakopesha kwa riba ipi?

Mhasibu, Mafinga
Hisa mpya tunazikadiria asilimia 25, pamoja na gharama za kuziuza. Benki inatoa milioni 60 kwa riba ya sasa, na zaidi ya hapo asilimia 18.

Mkaguzi, Mbeya
Basi milioni 150 za kwanza zinagharimu 17.68, na 90 zinazobaki zinagharimu 20.04, yaani 0.6 ya 25 na 0.4 ya 12.6, ambayo ni riba ya 18 baada ya nafuu ya kodi. Kwa kuwa tanuri moja halijengwi nusu, changanya zote mbili: unapata takribani 18.57, ambayo imepita asilimia 18. Kwa bei hizo nisingelijenga. Ulizeni kwanza bei ya tanuri dogo lisilozidi milioni 150. Likirudisha asilimia 18 hiyohiyo, linafaa.