Lebo imenifungia tovuti nzima kwa wimbo ambao msanii mwenyewe alinitumia

Wadau, leo nina hasira na sitaficha. Tovuti yangu ya muziki wa ohangla na benga, ile ambayo wengi wenu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay huingia kutafuta vibao vipya, imezimwa tangu wiki iliyopita. Haijadukuliwa, na bili ya seva nimelipa. Kuna lebo moja ya muziki ya Nairobi iliyoiandikia kampuni ya ng'ambo iliyonisajilia domeni (jina la tovuti), ikadai mimi ni haramia. Kampuni haikuniuliza hata swali moja, ikasimamisha domeni. Ukiandika jina la tovuti sasa unaambiwa haipatikani.

Wimbo unaolalamikiwa ni mmoja. Mmoja! Na aliyenitumia kwa WhatsApp ni msanii mwenyewe. Ujumbe wake bado ninao: "Omera, weka hii leo, wikendi niko na shoo Ahero, nataka watu waisikie mapema." Nikaweka, na picha yake, na namba ya meneja wake chini. Kumbe alikuwa ameshatia sahihi karatasi ya kuipa lebo haki zote za kusambaza mtandaoni, na hakuisoma. Nilipompigia alishtuka kuliko mimi. "Lakini si ni wimbo wangu?" Simlaumu sana. Anayezijua studio za Kondele anajua mikataba husainiwa vipi: spika zinanguruma, mtu anasukumiwa karatasi na kalamu, anaonyeshwa pa kuweka sahihi, basi.

Haya, tuseme wimbo ni wa lebo. Si wangeniandikia? Anwani yangu iko chini ya kila ukurasa, na ningeutoa siku hiyohiyo. Wao wakakimbilia kwa msajili kwa sababu wanajua huko hakuna maswali. Msajili anaogopa kesi, na mimi ni mteja wa dola chache kwa mwaka. Akinitupa anapoteza nini?

Wengi hawajui domeni ikizimwa huwa kumetokea nini hasa. Seva yangu iko palepale. Nyimbo zote ziko humo, hata huo mmoja wanaoulilia uko kwenye diski hadi sasa ninapoandika. Kilichokatwa ni jina tu, lile linaloielekeza simu yako mahali faili zilipo. Kwa hiyo kama lengo lilikuwa kuondoa wimbo, hawakuuondoa. Waliziondoa nyimbo za wasanii wengine wote ambao hawana uhusiano wowote na lebo hiyo, wengine wazee wa benga ambao rekodi zao hazipatikani kwingine kokote kwenye intaneti. Na jina likifa, imeli zinazotumia jina hilo zinakufa nalo. Kuna mama mmoja wa Bondo tuliyekuwa tukimtafutia bendi ya harusi ya binti yake. Ameshalipa arbuni. Barua zake sasa hazinifikii, na sina shaka anadhani tumemtapeli.

Haramia wa kweli yeye hashtuki. Ukimzimia jina asubuhi, jioni ana lingine, maana hana sifa ya kulinda. Anayeumia ni yule ambaye jina lake ndilo biashara yake. Na nendeni steji ya mabasi hapa mjini muone vijana wanaowajazia watu nyimbo kwenye flashi mchana kweupe. (Sisemi wakamatwe, wengine ni marafiki zangu.) Hao lebo haiwaoni.

Kabla mtu hajaniambia "lazima kuna kitu ulifanya", someni yaliyoikuta Dajaz1, tovuti ya hip hop ya Marekani. Novemba 2010 serikali ya huko ilinyakua domeni 82 kwa mpigo, Dajaz1 ikiwemo, yenyewe ikinyakuliwa kutokana na malalamiko ya RIAA, chama cha makampuni ya muziki. Mwenyewe akatoa barua pepe kuonyesha kuwa nyimbo alizolalamikiwa alitumiwa na watu wa tasnia hiyohiyo, azitangaze. Serikali ikaendelea kuikalia domeni zaidi ya mwaka, ikiomba mahakama muda zaidi kwa siri, wakili wa mwenye tovuti asionyeshwe lolote. Desemba 2011 wakamrudishia. Hakuna mashtaka, hakuna fidia. Nyaraka zilipofunguliwa 2012, ilionekana muda huo wote walikuwa wakiingoja RIAA ilete ushahidi. Yaani unafungiwa duka kwanza, halafu ndipo mlalamishi anatafuta ulichoiba!

Rojadirecta, tovuti ya Uhispania ya viungo vya kutazama mechi, nayo ilinyakuliwa domeni zake na serikali hiyohiyo ya Marekani mwaka 2011 ilhali mahakama za kwao zilikuwa zimeshasema haina kosa. Ikarudishiwa 2012. Wameziwezaje domeni za Mhispania? Kwa sababu .com zote huendeshwa na Verisign, kampuni iliyoko Virginia. Amri ya mahakama ya Marekani ikifika pale, .com yako inazimwa hata kama unaishi Nyalenda na hujawahi kukanyaga Jomo Kenyatta, sembuse Marekani.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Kenya tuna sheria ya jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa 2019. Mwenye kazi anaandika notisi inayotaja kazi yenyewe, mtoa huduma za intaneti anampasha habari aliyeiweka, aliyeiweka ana nafasi ya kujibu, na asipojibu kazi hiyo inazuiwa ndani ya saa 48 za kazi. Kazi hiyo, si tovuti nzima! Na anayetoa notisi ya uongo kwa makusudi ametenda kosa la jinai. Ina kasoro zake, lakini angalau kuna mahali pa kujitetea. Lebo ya Nairobi, msanii wa Nyando, tovuti ya Kisumu, na bado wameiruka sheria ya nyumbani wakaenda kusemea ng'ambo. Waliona nini huko ambacho hapa hakipo?

Nataka domeni yangu, na nataka barua inayosema ni nani alilalamika na aliapa nini. Msajili ananijibu kwa majibu ya roboti. Lebo haijibu kabisa, ingawa wimbo huohuo uko YouTube kwenye akaunti ambazo si za msanii wala zao, na viungo nimewapelekea.

Mwenye kumjua wakili wa hakimiliki hapa Kisumu au Nakuru asiyetoza bei za Nairobi, tafadhali anitumie ujumbe. Najiandaa pia kuhamia .ke, kwa hiyo aliyewahi kuhamisha tovuti nzima bila kupoteza kumbukumbu zake anieleze alivyofanya. Na wasanii, msitume chochote kwa imeli ile ya zamani. Haifiki. Tumeni kwa WhatsApp, na safari hii mniambie kwanza mmesaini nini na nani.