Kisu kikigusa uvimbe, saratani husambaa?

Mwana_Shela
Assalaam aleikum wajuzi. Hapa Malindi mgonjwa wa saratani ya titi akiambiwa atolewe kinyama kikapimwe, wazee humkataza: chuma kikigusa, ugonjwa utatawanyika. Na wapo waliokatwa titi zima, miaka ikapita, kisha wakaumwa mgongo wakaambiwa ni ile ile. Hufikaje huko? Na mbona mgongoni au kwenye ini, si mkononi?

Maabara_Malindi
Waaleikum salaam. Kisu kinasingiziwa. Seli za saratani hupoteza protini inayozishikanisha (E-kadherini), zikatoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando ulio chini yake. Utando ukishatobolewa, njia iko wazi. Tena uvimbe ukizidi milimita 1 au 2 huota mishipa yake ya damu, ambayo ni mibovu na inavuja, kwa hiyo kuingia ndani yake si kazi.

Nyingi hufa kwenye damu. Katika majaribio ya wanyama, haifiki 1 kati ya 10,000 inayozaa uvimbe mpya. Zilizobaki zaweza kulala miaka ndani ya uboho, ndiyo maana mgongo huuma baadaye: zilitoka kabla ya upasuaji. Kwa sababu hiyo mtu hupewa kemotherapi au vidonge vya kuzuia homoni hata kama kidonda kimepona vizuri.

Sindano kuacha seli njiani hutokea, ila kwa titi ni nadra. Panapoogopwa kweli ni korodani: haichomwi kupitia mfuko wake, hutolewa nzima kupitia kinenani.

Nesi_Amu
Kuhusu mahali: mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akasema mbegu (seli za saratani) huota penye udongo wake (kiungo kinachozifaa). Njia ya damu nayo ina neno. Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, basi saratani ya utumbo mpana ikisambaa, mara nyingi hufikia hapo kwanza. Vena za uti wa mgongo hazina vali, damu huenda na kurudi, nazo hupokea seli kutoka saratani za titi na za tezi dume. Mkononi kwa mtu mzima hamna uboho mwekundu wa kutosha.

Mgongo ukiuma usiku hata akiwa amelala, msikande! Pingili iliyoliwa huvunjika. Miguu ikilegea au mkojo ukiziba, ondokeni siku hiyo hiyo, msingoje kliniki. Kwa sisi wa visiwani, boti ya kwanza ya kwenda Mokowe. Uti wa mgongo (neva zilizo ndani ya pingili) ukibanwa mpaka mtu asiweze kutembea, mara nyingi hasimami tena. Kiu kali, choo kigumu na kuchanganyikiwa? Pimeni kalsiamu, mfupa unaoyeyuka huimwaga kwenye damu.

Mwana_Shela
Ikifika kwenye ini, atatibiwa saratani ya ini?

Maabara_Malindi
La, ni ya titi bado, na dawa ni za titi. Lakini pakiwezekana kinyama kichukuliwe upya huko kwenye ini, kwa kuwa vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa) huweza kubadilika. Kama kinasafirishwa Mombasa: formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10 yenye bafa (ya kutuliza asidi), ujazo mara kumi ya kinyama, kikae humo saa 6 hadi 72. Msikitie kwenye maji ya chumvi wala spiriti. Kikichelewa kuingia dawani, kipimo cha vipokezi chaweza kusoma hasi ya uongo, na mgonjwa akanyimwa vidonge vilivyomfaa.