Mrejesho: Kanisa la Mkunazini, Zanzibar

Nashukuru kwa majibu yenu. Niliuliza kama mtu anaweza kukaa kwa utulivu ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, bila kusongwa na misafara ya watalii, nanyi mkanishauri niwahi asubuhi. Ushauri ulikuwa sahihi: nje wauza viungo na waongozaji walikwisha kuanza kuitana, lakini kuta zile nene huzima kelele zote.

Nilikaa zaidi mbele ya madhabahu, penye duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, ambalo huonyesha mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, kwa maana kanisa hili lilianza kujengwa juu ya uwanja wa soko lao baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya madhabahu. Nguzo zilizosimamishwa kichwa chini karibu na mlango zinachekesha kidogo, nami sikuzitarajia.

Vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni ni finyu mno. Mwenye hofu ya mahali pa kubana asishuke.