Muhuri wa jiwe wa Kichina: wa njano wa zamani, wa damu ya kuku, au nichongewe mpya?

BintiKigamboni
Habari zenu wakuu. Nipo Hangzhou, namaliza chuo na kurudi nyumbani. Nataka kuondoka na muhuri wa jiwe, ile inayochongwa kwa mkono, si ya mpira tunayogonga maofisini. Kuna mitatu. Wa kwanza ni wa njano, una simba juu, muuzaji anasema ni tianhuang, lile jiwe la njano adimu, la enzi ya Qing (utawala wa kifalme wa mwisho wa China). Wa pili una mabaka mekundu, wanaita damu ya kuku. Wa tatu ni jiwe jipya la Qingtian, fundi atanichongea jina langu. Upi wenye thamani? Wa njano nimepewa mpaka Jumamosi.

Mzee Kontena
Bei? Uzito? Picha ya kitako iko wapi? Umetupa rangi tu, dada. Na unataka wa kutumia, wa kuweka kabatini au wa kuuza?

MpembaWaYiwu
Chukua damu ya kuku ya Changhua. Wachina wenyewe wakiona wekundu ule hawabishani bei. Hayo mengine ni mawe tu.

Fundi_Mpingo
Mpemba, hayo "mawe tu" ndiyo yaliyoujenga usanii huu. Tangu enzi ya Ming, iliyotangulia Qing, wasomi waliacha kuwategemea mafundi wa shaba na jade, kwa sababu jiwe laini mtu analichonga mwenyewe kwa kisu cha chuma. Mawe yenye jina ni manne: Shoushan ya jimbo la Fujian, Qingtian na Changhua za jimbo la Zhejiang, na Balin ya Mongolia ya Ndani. Mimi ni mchongaji, na kwangu Qingtian ndiyo ya kwanza. Kisu kinapita safi, ukingo wa herufi haumeguki ovyo. Binti, chongewa jina lako.

BintiKigamboni
Samahani, nilisahau. Wa njano ni yuan 1,800, gramu kama 60. Ubavuni una maandishi madogo. Mwenzangu wa bweni ni Mchina, amesoma mwaka "wuchen" wa kalenda yao na jina la Wu Changshuo, mchongaji mihuri maarufu.

Mzee Kontena
Hapo sasa tunaongea. Piga hesabu: yuan 1,800 kwa gramu 60 ni yuan 30 kwa gramu. Wachina wana msemo wa zamani kwamba tianhuang ya uzito mmoja ni dhahabu ya uzito mara tatu, na dhahabu yenyewe gramu moja ni mara nyingi zaidi ya hizo yuan 30. Hakuna muuzaji wa Hangzhou asiyejua hilo. Tianhuang inachimbuliwa kwenye mashamba ya bonde la Shoushan, ni adimu, na ukiimulika kwa tochi mara nyingi utaona nyuzi laini ndani yake kama za figili. Ya kwako huenda ni Shoushan ya kawaida ya njano. Si mbaya, ila si tianhuang.

Halafu huo mwaka. Kalenda yao huzunguka kila miaka 60, kwa hiyo wuchen ni 1868, 1928 au 1988. Wu Changshuo alizaliwa 1844 akafa 1927. Basi labda aliuchonga akiwa na miaka 24, au aliyeandika hapo hakujua tarehe ya kifo chake. Saini za wakubwa huigwa sana, tena kwenye mawe ya zamani kweli.

MsafiriTanga
Nami niseme kuhusu damu ya kuku, maana iliniumiza. Nilinunua kwenye soko moja la vitu vya kale Beijing, na cheti nikapewa. Wekundu umeenea pande zote sawasawa, unang'aa. Nikaupeleka kwa fundi anichongee. Akaupima mkononi, akasema ni mwepesi na hauna ubaridi wa jiwe. Akapasha sindano moto, akaigusisha kitakoni: ikazama, harufu ya plastiki ikatoka. Niliporudi kwa muuzaji akasema nimeharibu mali, pesa hairudi.

Yule fundi alinikalisha akanieleza. Wekundu halisi ni madini yenye zebaki yaliyoingia ndani ya jiwe; mahali umekolea, mahali umefifia, na mshipa ulioanza upande huu utaufuata hadi upande wa pili. Wa bandia unaelea kwenye tabaka la juu. Wengine wanabandika vipande vyembamba vya damu halisi juu ya jiwe la kawaida, hapo sindano haisaidii. Tazama maungio kwenye kona. Na damu halisi ikiachwa juani inakuwa nyeusi, kwa hiyo hata ukiupata wa kweli, usiuweke dirishani Kigamboni.

MpembaWaYiwu
Pole ndugu, lakini tapeli mmoja hafanyi jiwe zima kuwa baya.

Mama Zawadi
Zebaki? Na watoto ndani ya nyumba?

Fundi_Mpingo
Mama, kuushika si tatizo. Usiuchome wala kuusaga, vumbi lake ndilo baya.

Binti, kabla ya Jumamosi nenda Gushan, kando ya Ziwa Magharibi. Hapo ndipo ilipo Jumuiya ya Xiling, chama cha wachongaji mihuri kilichoanzishwa 1904, na Wu Changshuo ndiye rais wake wa kwanza. Kuna na makumbusho ya mihuri. Tazama chapa za mihuri aliyoichonga kweli yeye, kisha ulinganishe na wako. Angalia pia mifereji ya herufi: kisu huacha kina kisicho sawa, mashine huacha sakafu bapa.

Mzee Kontena
Muhuri huo wa njano ukiwa kweli wa Qing, una shida nyingine. Vitu vya kabla ya 1911 kwa kawaida haviruhusiwi kutoka China, na vya kabla ya 1949 lazima vikaguliwe kwanza, vipigwe lakiri nyekundu. Kama ni kipya, omba risiti inayosema hivyo.

BintiKigamboni
Muuzaji amekataa kuandika risiti yoyote. Ila simba wake mzuri sana jamani.

Omwana_Tabaka
Swali la pembeni: jiwe letu la Kisii haliwezi kuchongwa mihuri hii?

Fundi_Mpingo
Linachongeka, ila vipande vingi nilivyojaribu ni laini mno, mistari myembamba inavunjika.

Omwana_Tabaka
Inategemea ulipata la machimbo gani. La pinki ni gumu kuliko jeupe. Nani anakuja Guangzhou nimpe kipande akuletee?