Kila Cheruiyot ni ndugu? Kurasa za michezo mmetuchosha!

Wakuu, uzi huu nauanzisha na hasira zangu, na asije mtu kuniambia nitulie.

Kuna ukurasa mmoja wa michezo, wafuasi kibao, umebandika picha ya wanariadha wa Kenya, Timothy Cheruiyot na Vivian Cheruiyot, juu wameandika "familia ya dhahabu". Eti kaka na dada! Chini watu wanamwaga makopakopa na "hongera kwa wazazi". Wazazi gani? Timothy ni wa Bomet, bingwa wa dunia wa mita 1500 pale Doha 2019. Vivian ni wa Keiyo, alibeba dhahabu ya mita 5000 Rio 2016. Wanachochangia ni jina la mwisho, basi.

Na hilo jina la mwisho kwa Wakalenjini mara nyingi ni la baba, si la ukoo. Akina baba walioitwa Cheruiyot kule Bonde la Ufa wamejaa kama akina Juma huku kwetu. Wewe admin ukiitwa fulani Juma, na mtaa wa pili yupo Juma anayedaiwa, tuje tukudai wewe?

Ila hilo dogo. Lililonipandisha presha ni la Robert Cheruiyot. Jamani, wapo WAWILI! Robert Kipkoech Cheruiyot ndiye aliyeshinda marathoni ya Boston 2003, 2006, 2007 na 2008. Ndiye yule aliyeteleza Chicago 2006 akiwa anakanyaga mstari wa kumalizia, akaanguka chali, kichwa kikagonga chini. Ushindi akapewa, lakini akaishia hospitali. Mwaka huohuo ndiye aliyeweka rekodi ya Boston, 2:07:14. Halafu 2010 akaja Robert Kiprono Cheruiyot, kijana zaidi, akakimbia 2:05:52 na kuifuta rekodi ya somo yake.

Sasa soma walichoandika: "Robert Cheruiyot, mshindi wa Boston mara tano, alivunja rekodi yake mwenyewe." Yaani mtu amechukua 4 akajumlisha 1, akaenda kulala! Jina la kati lipo pale kwenye matokeo, kulisoma tu ni kazi?

Wakikutana na ndugu wa kweli sasa, hawawaoni. Niliwahi kubishana na mmoja wao aliyeshikilia kwamba wanasoka McDonald Mariga na Victor Wanyama ni "marafiki wa Harambee Stars", yaani timu ya taifa ya Kenya. Baba mmoja hao, Noah Wanyama, naye alicheza AFC Leopards! Mmoja alivaa Mariga mgongoni akiwa Inter, mwingine Wanyama akiwa Celtic, ndiyo akili imegoma hapo. Na huyohuyo anajua vizuri kwamba Zuchu ni binti wa Khadija Kopa. Kwenye muziki anaelewa, kwenye mpira haelewi.

Nimewaandikia kwenye maoni, kistaarabu kabisa, wakafuta na kunifungia. Nikaingia kwa simu ya shemeji yangu nikakuta wamepandisha mpya: "Kiprotich wa Kenya, dhahabu ya marathoni London 2012." Wakuu, yule ni Stephen Kiprotich wa UGANDA! Nchi yake haikuwa imeonja dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua 1972. Mkenya ni Wilson Kipsang Kiprotich, aliyechukua shaba siku hiyohiyo. Waganda mliomo humu, mnaliachia hili?