Kufunga tela peke yako usiku: mabosi wa malori, rudisheni utingo kabla hamjatuua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nina leseni daraja E na nina miaka 14 kwenye barabara ya Dar hadi Tunduma. Miaka 13 kati ya hiyo sikuwahi kufunga tela peke yangu hata mara moja. Mwaka huu bosi aliamua kwamba utingo ni hela inayotupwa, akamwondoa, na tangu hapo kazi ya watu wawili naifanya mwenyewe. Wiki iliyopita nusura inimalize.

Kwa ambao hawajawahi kusogelea lori, naomba nieleze kidogo. Mimi siendeshi semi, lile la kichwa ambalo tela lake linakaa juu yake kwa mbele. Naendesha puling: gari kamili lenye bodi yake na mzigo wake, halafu nyuma linavuta tela lenye ekseli mbele na nyuma. Ekseli ya mbele ya tela inazunguka kwenye sahani, na hapo ndipo unapotokea mkono wa chuma tunaouita drobaa, wenye jicho mwishoni. Tundu la hilo jicho ni milimita 50. Linatakiwa liingie kwenye mdomo ulio nyuma ya gari, pini ishuke katikati, ndipo gari na tela viwe kitu kimoja. Milimita 50, na unayelenga umekaa mbali kule mbele kwenye usukani, bodi yote na turubai lake vimekuziba macho. Saitimira inakuonyesha ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Katikati, pale penye jicho na mdomo, huoni kitu.

Halafu usidhani tela linafungwa mara moja Dar na kufunguliwa Tunduma. Maghala mengi ya mahindi na mbolea hayana nafasi ya kuingiza puling nzima. Unafungua tela nje, unaingiza gari kwanza linapakiwa, unatoa, wanapakia tela, unalifunga tena. Safari moja naweza kufungua na kufunga mara nne.

Tukiwa wawili kazi hii ina utaratibu wake. Utingo wangu, kijana niliyemfundisha mwenyewe, alikuwa anaanza kwa kuweka mawe kwenye matairi ya tela, mbele na nyuma. Anapima kimo cha drobaa kwa macho, anaitegemeza na kipande cha mbao hadi ilingane na mdomo wa gari. Kisha anasimama kando, upande wangu, mahali ambapo namwona kwenye kioo na ambapo hakuna chuma kinachoweza kumfikia. Njoo, njoo, njoo, tia kulia kidogo, rudisha, njoo. Akipiga bodi kwa kiganja mara mbili, nasimama hapo hapo, hata kama imebaki inchi moja. Dakika kumi tumemaliza. Na sheria yangu kwake ilikuwa moja: gari likiwa linarudi nyuma, hakuna mtu kukaa katikati ya gari na tela, hata kama pini imegoma, hata kama bosi yuko kwenye simu anapiga kelele.

Peke yako unafanyaje? Unarudi nyuma kwa kukisia, unaweka breki ya mkono, unashuka, unazunguka kuangalia. Imebaki hatua tatu, iko kushoto kwa upana wa mkono. Unapanda, unasogeza, unashuka. Safari hii jicho limegonga ukingo wa mdomo badala ya kuingia, drobaa imesukumwa pembeni, na ile ekseli ya mbele ya tela imegeuka nayo. Sasa tela linatazama ukuta. Unalivuta gari mbele, unaikamata drobaa kwa mikono kuirudisha, kilo zote zile za chuma, kifua kinauma. Unaanza moja.

Sasa hiyo wiki iliyopita. Makambako, saa nne usiku, manyunyu na baridi yake ile mnayoijua. Vijana wa kupakia walishaondoka saa mbili. Tela lilikuwa na magunia 180 ya mahindi, ya kilo mia mia, yaani tani 18 bila kuhesabu chuma chenyewe. Yadi ile ina mteremko kuelekea getini, hivyo gari lilikuwa upande wa chini na tela upande wa juu. Mlinzi ni mzee wa watu, yuko peke yake, haruhusiwi kuacha geti. Nilimwomba, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, nikitoka hapa kesho sina kazi." Sikumlaumu.

Nilijaribu mara 11. Mwanzoni nilichora mstari chini kwa kisigino ili tairi la nyuma lifuate, lakini matope yalikuwa yanaufuta. Mara ya 11 jicho likaingia. Nikashuka na tochi, nikaona limeingia kweli, ila pini haikushuka. Springi ya ile pini imekufa. Nimeiandika kwenye karatasi ya matengenezo mara tatu, tarehe ninazo. Pini ikigoma, ni nyundo. Na nyundo haipigwi kutoka kando. Lazima uingie katikati.

Nikaingia. Breki ya mkono ya gari nilikuwa nimeiweka, gia nimetoa, mawe nilikuwa nimeyaweka mwenyewe. Nimepiga nyundo ya kwanza, ya pili, nikasikia nyuma ya tela sauti ya jiwe linakwaruza kwenye matope. Sauti ndogo tu. Niliruka kushoto bila kufikiri. Tela likaja. Jicho likapanda ukingo wa mdomo, likatoka, drobaa ikayumba upande wangu na kulikamata koti langu kwenye kiunzi cha nyuma cha gari. Hapo ndipo tani zile zote zilipogota. Koti nililivua nikiwa nimebanwa nalo, mkono mmoja kwanza, halafu mwingine. Paja lina alama nyeusi mpaka leo. Tochi niliikuta imelala bapa kama kifuniko cha soda. Kama ningerukia kulia, uzi huu angeuandika mtu mwingine, na angeuandika kama tanzia.

Kwa nini tela lilikuja wakati mawe yalikuwepo na breki za upepo zipo? Hapa naomba madereva wenzangu msome vizuri. Tela la namna hii ukilitoa mpira mwekundu, ule unaoleta upepo kutoka kwenye gari, linajifunga breki kwa upepo uliobaki kwenye tangi lake lenyewe. Ni ulinzi mzuri kama tangi ni zima. Tangi letu linavuja kwenye vali. Nalo limo kwenye karatasi. Tela lilikaa pale tangu saa tisa alasiri likipakiwa, upepo ukaisha kidogo kidogo, breki zikaachia zenyewe bila mtu kugusa kitu. Breki ya mkono ya tela, ile ya kuzungusha kwa mpini, waya wake ulikatika kabla sijakabidhiwa gari hilo. Kwa hiyo saa nne usiku mzigo wote ule ulikuwa umeshikwa na mawe manne juu ya matope, na mimi niko chini yake na nyundo.

Na hata tangi likiwa zima hatari ipo. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anasema ukiunganisha, mpira wa njano, ule wa breki ya mguu, uwe wa kwanza, mwekundu mwisho, kwa sababu mwekundu ukiingia tu, upepo unajaa kwenye tela na breki zinaachia. Kama umesahau breki ya mkono ya gari, mzigo wote unaondoka na wewe umesimama katikati umeshika mpira. Utingo alikuwa anaiangalia hiyo. Kabla sijashika mwekundu ananiuliza, "Kaka, mkono umevuta?" Kila mara, miaka yote, hata nilipokuwa nakasirika kwa kuulizwa kitu kile kile.

Nilimpigia bosi saa tano na robo. Neno lake la kwanza: mzigo uko salama? La pili: gari limeumia wapi? Nikamwambia taa ya nyuma imevunjika. Hakuuliza la tatu. Mwisho wa safari amenikata shilingi 150,000 za taa na za kuchelewa. Utingo alikuwa analipwa 100,000 kwa safari. Yaani usiku mmoja tu wa kukosa utingo umegharimu kuliko utingo mwenyewe, na gharama hiyo nimeilipa mimi.

Nani alinifungia tela usiku ule? Dereva wa fuso aliyekuwa anapita kwenda Njombe, nilimsimamisha barabarani. Alishuka na kijana wake, wakatafuta mawe makubwa, yule kijana akasimama kando akanielekeza. Dakika kumi na tano. Hawakutaka hata soda. Mungu awatangulize popote walipo.

Najua mtakuja kuniambia kwamba kwa wenzetu Ulaya dereva yuko peke yake na anafunga tela. Ni kweli. Mara nyingi anafunga kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, ana kamera nyuma, mdomo wa gari unajifunga wenyewe na kuonyesha kwamba umefunga, tela lina breki za springi ambazo upepo ukiisha zinakaza badala ya kuachia, na kila tela lina kabari zake. Na pamoja na hayo yote, Uingereza mamlaka yao ya usalama kazini, HSE, imetoa mwongozo wa kufunga na kufungua tela, kwa sababu hata huko watu wamekufa kwa kubanwa katikati. Bosi wangu amechukua kutoka Ulaya kitu kimoja tu, cha kumwondoa utingo.

Wengine mtasema dereva mzoefu hahitaji utingo. Uzoefu hauoni kupitia bodi. Uzoefu hauwezi kukaa kwenye usukani na kusimama kando ya tela kwa wakati mmoja.

Sijagusa kazi nyingine za utingo, turubai, matairi, kulinda dizeli ukilala, kukuongelesha usiku ukipanda mlima Kitonga. Hizo nitazibeba, nimeshazoea kuchoka. Ninachokataa ni kuingizwa katikati ya vyuma viwili bila jicho la pili.

Mabosi, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo tangu 2008. Mizani tunapita, na pale Makambako mnatuhimiza tusizidishe hata kilo, kwa sababu faini inatoka mfukoni mwenu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema mwisho wa uzito wa gari pamoja na mzigo ni tani 56, na kila bosi anaijua namba hiyo kwa kichwa. Mbona hii ya kulinda mtu hakuna anayeikumbuka? Kama kweli hamtaki utingo, basi lipieni kinachochukua nafasi yake: springi ya pini, vali ya tangi, waya wa breki ya tela, kabari nne za chuma, kamera. Piga hesabu zenu zote mnazozijua, mtaona kijana wa 100,000 ndiye rahisi kuliko vyote.

Na madereva wenzangu, hasa wapya mnaokubali kila kitu ili msikose gari: pini ikigoma na uko peke yako, usiingie. Lala hapo hapo. Mzigo uchelewe, bosi atukane, wewe subiri kupambazuke na upate mtu wa kusimama kando. Nimekaa miaka 14 nikijua hili, na usiku ule nikaingia kwa sababu nilikuwa nafikiria kukatwa hela ya kuchelewa. Hela yenyewe nimekatwa vilevile.

Jumatatu nilirudisha funguo. Mwenye kampuni ambayo bado inatembea na utingo, puling au semi, aniandikie ujumbe hapa ndani. Niko Dar, leseni haijaisha muda, na kijana wangu bado yupo mtaani anasubiri simu, tutakuja wote wawili.