Super Ikonta: kile kijimkono chenye kioo kinapimaje umbali wakati hakijaungana na bodi?

ChumbaCheusi:
Wakuu habari zenu. Nimepata kamera ya Super Ikonta ya Zeiss Ikon hapa Leipzig kwenye soko la vitu vya zamani, ile ya kukunja inayopiga picha za sentimita 6x9 kwa filamu ya roli ya 120, lenzi Tessar. Ukibonyeza kitufe mlango unafunguka lenzi inachomoka na mvukuto wake, mpaka hapo naelewa. Kinachonichanganya ni kijimkono pembeni ya lenzi chenye kioo cha duara. Nikizungusha fokasi (kulenga umbali wa lenzi) kile kioo nacho kinazunguka, nikichungulia kwa nyuma kwenye kipima umbali naona zile picha mbili za kitu kimoja zinasogea mpaka zinalaliana vizuri kabisa, lakini nimekagua kila upande sijaona chuma chochote kinachotoka kwenye lenzi kuingia kwenye bodi, yaani mwili wa kamera!! Sasa bodi inajuaje umbali? Halafu mkono wenyewe una ulegevu kidogo ukiugusa, si vipimo vitakuwa vimeharibika? Nauliza kabla sijaweka filamu maana bei zake siku hizi mnazijua.

FundiShata:
Mkuu hapo umegusa kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hizi kamera. Hicho kioo ni viwili vimebebana, kila kimoja kimechongwa upande mmoja mnene na upande wa pili mwembamba. Ukizungusha fokasi kimoja kinaenda kulia kingine kushoto. Unene wa hiki ukikaa juu ya wembamba wa kile, mwanga unapita umenyooka, na vikiendelea kuzunguka mpaka unene wote uwe upande mmoja mwanga unapinda, kidogo kidogo, kulingana na fokasi uliyoweka. Huo mwanga uliopinda ndio unaoingia kwenye kidirisha cha bodi na kusogeza ile picha ya pili. Kwa hiyo habari ya umbali inabebwa na mwanga wenyewe hewani, chuma cha nini tena?

Na ulegevu usikutishe. Kioo cha hivyo hata kikihama milimita moja juu au pembeni kinapinda mwanga kwa pembe ileile, maana pembe inatokana na jinsi kilivyochongwa na kilivyozungushwa. Ndo maana mwaka 1934 Zeiss Ikon waliweza kuweka kipima umbali kwenye mlango unaofunguliwa na kufungwa kila siku, akili kubwa sana ile. Cha kuogopa ni kama kuna mtu aliwahi kufungua lenzi ya mbele akairudisha kwenye meno yasiyo yake, hapo mkono utasema mita 3 na lenzi iko kwingine kabisa. Pima hivi: fungua mgongo, bandika karatasi nyepesi ya kuchorea pale filamu inapolala, shata (kizuizi cha mwanga kwenye lenzi) iache wazi, apecha (tundu la lenzi) fungua yote, lenga kitu cha mbali sana. Picha mbili zikilaliana na kwenye karatasi pawe pamekolea, yaani picha iwe kali.

BintiRetina:
Maelezo mazuri FundiShata ila mimi bado ni mtu wa kamera za Kodak Retina, zile za kiwanda cha Stuttgart alichoanzisha August Nagel. Retina IIa ya 1951 lenzi nzima inasogea mbele na nyuma na ipo chuma inayopeleka habari mpaka kwenye bodi, ndo maana lazima urudishe fokasi kwenye infiniti (alama ya vitu vya mbali kabisa) kabla ya kufunga, ubonyeze vile vitufe viwili vya juu na chini kwa pamoja, ikigoma usilazimishe hata siku moja. Faida yake unaiona ukipiga mtu wa karibu. Super Ikonta inazungusha kipande cha mbele tu cha Tessar, sasa karibu karibu kwa f/3.5, tundu la lenzi likiwa wazi, ukali unapungua, wewe lipunguze mpaka f/8 utaipenda.

Na kama unapenda ubunifu tafuta habari za Mamiya Six ya 1940, Wajapani waliacha lenzi ikae palepale wakasogeza filamu yenyewe kwa gurudumu la nyuma! Kipima umbali chote kikabaki ndani ya bodi, mlango ukawa hauna kazi nacho.

ChumbaCheusi:
Shukrani sana wote. Nimejaribu na karatasi, nimelenga mnara wa kanisa, picha zimelaliana na karatasi imekolea mpaka saa ya mnara nimeisoma (imepinduka chini juu bila shaka). Kabla sijaweka filamu kuna kingine?

FundiShata:
Safi. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndogo ndani ya mvukuto uzungushe taratibu, angalia zaidi kwenye kona za mikunjo, nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Ukiwa na filamu fungua mlango kwanza kwa kuushika na mkono halafu ndo uvute picha inayofuata, maana mvukuto ukifunguka ghafla unafyonza hewa na filamu inabenuka isikae bapa. Na kama shata ni Compur-Rapid, spidi ya juu kabisa iweke kabla ya kukoki (kukaza shata tayari kwa kupiga), ina springi yake ya ziada, ukiilazimisha baada ya kukoki utaivunja. Unapata picha 8 kwa roli, zihesabu kwenye kidirisha chekundu na ukishasoma namba kifunike, hasa ukiwa juani.

BintiRetina:
Na roli ya kwanza piga nyeusi na nyeupe, uitupie hapa tuione.